Hilux LN106: klachi mpya, asubuhi rivasi inasaga. Nianzie wapi?

#1 KiaziMviringo
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mbeya, nabeba viazi kutoka Kikondo na Ilungu kushusha Uyole, siku nyingine Mwanjelwa. Gari ni Hilux LN106 ya 1994, kebini moja, injini 3L, gia tano za mkono.

Miezi miwili iliyopita nilifunga klachi seti nzima: pleti, presha na rilizi beringi. Ya zamani ilikuwa imekwisha kweli, nilionyeshwa kwa macho, ripiti zimeshaanza kuchora flaiwili, lile gurudumu la chuma nyuma ya injini. Wiki ya kwanza nilijiona nimeshusha gari kutoka melini. Sasa hali ni hii.

Asubuhi nawasha, nakanyaga klachi mpaka chini, naingiza rivasi: krrrrr. Gia ya kwanza nayo inaingia kwa kusukumwa kama mlango uliovimba kwa mvua. Nikikanyaga mara mbili harakaharaka, inaingia bila kelele. Kufika saa nne gari imepata moto, inatulia. Jioni kwenye foleni nikiwa na mzigo inaanza upya: nimesimama, gia ipo ndani, mguu upo chini kabisa, gari inataka kusogea yenyewe. Juzi pale Mafiati imembusu bajaji kwa nyuma, nikalipa taa.

Fundi wangu anasema klachi bado inajipanga, nimpe mwezi. Fundi wa pili anasema nimefungiwa feki, anataka kushusha giaboksi tena. Hela ya kushusha giaboksi mara ya pili sina. Nianzie wapi?

#2 LoriLaTunduma
Masta ya juu. Funga uzi.

#3 Mwana_Uyole
Mkuu hiyo si 3L ya 2.4? Zile klachi zake ndogo, haziwezi mlima na viazi.

#4 LoriLaTunduma
@Mwana_Uyole 2L ndiyo 2.4, cc 2446. 3L ni 2.8, cc 2779. Tusimchanganye mtu akaenda dukani kununua pleti ya gari ya jirani.

#5 BabuSpana
Mleta uzi, pole. Kwanza huyo anayekuambia klachi inajipanga, mwambie hivi: klachi mpya inaweza kutetema au kuteleza kidogo siku za mwanzo, maana pleti na flaiwili havijazoeana. Kutoachia hakuna kujipanga. Klachi isiyoachia leo, ukiiacha bila kugusa kitu, na kesho haiachii.

Umesema ukikanyaga mara mbili gia inaingia. Hilo neno lina thamani kuliko yote uliyoandika. Klachi ya gari hiyo haina waya. Pedeli inasukuma masta ya juu, masta inasukuma oili kwenye bomba, oili inasukuma masta ya chini pale ubavuni mwa giaboksi, na ile ndiyo inasukuma uma unaoachanisha pleti na flaiwili. Raba za masta ya juu zikichoka, ukikanyaga polepole oili inapita pembeni ya raba na kurudi nyuma badala ya kwenda chini. Ukikanyaga kwa nguvu mara mbili, raba inajibana, oili inakwenda. Na ukisimama foleni mguu uko chini, oili inarudi tone kwa tone mpaka pleti inaanza kugusa tena. Huyo bajaji alibusiwa na raba.

Hapa unaweza usione tone hata moja chini ya gari, maana inavuja ndani kwa ndani. Ingia kwa goti upande wa dereva, funua kapeti, pitisha kidole pale fimbo ya pedeli inapoingia kwenye masta. Kikitoka na unyevu, umepata jibu.

#6 MamaMbao_Mafinga
Kamwene wote. Mimi nina LN106 inabeba mbao miaka saba sasa. Nilibadilisha masta ya juu mara mbili na ya chini mara moja, tatizo lile lile la kwako, neno kwa neno. Fundi wa tatu, kijana mdogo ambaye niliona aibu hata kumpa gari, alifungua boneti akamwambia mwanangu akanyage klachi. Masta nzima ikasogea mbele kama inataka kutoka! Bati linalotenganisha injini na kabini lilikuwa limepasuka kuzunguka bolti za masta. Kila ukikanyaga, nusu ya nguvu ya mguu inakunja bati, nusu inayobaki ndiyo inakwenda kwenye klachi.

Wakachomelea kipande cha bati nene kwa ndani. Mpaka leo sijagusa tena.

Kabla hujanunua kitu, fanya hilo. Halilipiwi.

#7 Mwana_Uyole
Mama Mbao shikamoo. Mimi gari kupasuka ukuta kwa ajili ya pedeli sijawahi kusikia, tatizo Wahehe mna miguu mizito.

#8 MamaMbao_Mafinga
Marahaba mwanangu. Uzito wa mguu ni afadhali kuliko uzito wa mdomo, na huo mnao nyie wa huko kwenye ndizi.

#9 Kapito
Mimi napinga masta. Angalia alivyosema: asubuhi baridi inasumbua, ikipata moto inatulia. Masta mbovu inaanza kuchoka jua likiwa kali, oili ikiwa nyepesi. Yeye ni kinyume. Mimi nasema pailoti beringi. Ile ndogo iliyokaa katikati ya flaiwili, inashika ncha ya shafti ya giaboksi. Kwenye seti aliyoitaja haimo: pleti, presha, rilizi. Fundi aliacha ile ya mwaka 94. Grisi imekauka, asubuhi inaganda na kuzungusha shafti hata pleti ikiwa imeachia. Ikipata moto inalainika.

#10 LoriLaTunduma
@Kapito sasa kukanyaga mara mbili kunasaidiaje pailoti?

#11 Kapito
Kunampa shafti muda wa kusimama. Sekunde mbili tatu. Siyo kukanyaga kunakosaidia, ni kusubiri.

#12 LoriLaTunduma
Hapo umenipata kidogo. Kidogo.

#13 BabuSpana
Hoja ya Kapito inapimika, tusiigombanie. Asubuhi, gari ikiwa baridi, weka fri, yaani gia zote nje, injini iungurume taratibu bila kuigusa moto. Kanyaga klachi mara moja tu, shikilia, hesabu mpaka kumi, ndipo uingize rivasi. Rivasi ya gari hizi haina sinkronaiza, kile kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia, kwa hiyo haifichi kitu. Ikiingia kimya baada ya kumi, shafti ilikuwa inahitaji muda tu, klachi inaachia. Ikisaga hata baada ya kumi, kitu kinaendelea kuizungusha. Siku ya pili kanyaga mara tatu haraka, ingiza papo hapo bila kusubiri. Ikiingia kimya, ni oili na masta, pailoti haina kesi.

#14 DadaSpea
Mimi nauza spea, nasema kidogo kuhusu feki. Watu wanatupa kila kosa kwa feki. Pleti isiyo ya saizi, au iliyofungwa kinyume, ule upande wa springi ukagusa flaiwili, ingekusumbua siku ile ile unatoka gereji. Umesema wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Hivyo kilichoharibika kimeharibika baadaye, au kilikuwa kibovu tangu zamani kikajificha. Feki inaua haraka, ndiyo, lakini inaua kwa kuteleza, injini inapiga kelele gari haiendi. Yako inateleza?

#15 KiaziMviringo
Ahsanteni sana wote. @DadaSpea haitelezi. Nimejaribu sasa hivi, hendibreki juu, gia ya nne, nikaachia klachi taratibu, injini imezima hapo hapo.

@BabuSpana nimepitisha kidole. Kuna unyevu mwembamba, si wa kudondoka. Na kopo la klachi oili ni nyeusi kama ugoro. Pia nikiri jambo: mwezi uliopita iliposhuka, nilikuwa Ilungu, hakuna duka. Kijana mmoja wa pikipiki alinipa oili kwenye chupa ya maji, nikajazia. Sikuuliza ni ya nini.

#16 BabuSpana
Eh.

#17 LoriLaTunduma
Hahahaha "sikuuliza ni ya nini". Huyu ndiye mtu wa kumuuzia gari.

#18 BabuSpana
Sasa sikiliza vizuri. Kwenye klachi hiyo inaingia oili ya breki tu, DOT 3 au DOT 4. Ukiweka oili ya injini, au ya hidroliki, au ya stelingi, raba zinanyonya na kuvimba. Raba iliyovimba inakaba bomba, inarudi polepole, na baadaye inalegea kama andazi kwenye chai. Hapo si masta ya juu peke yake. Ni masta ya juu, ya chini, na ule mpira unaounganisha bomba. Wote wamekunywa.

Ukiamua kubadilisha raba za juu tu, oili ile ya chini itapanda iharibu na ile raba mpya. Mwaga yote, osha bomba kwa oili safi ya breki au spiriti. Petroli isiguse humo.

#19 Mwana_Uyole
Hata kama si ya pikipiki, oili ya breki yenyewe inavuta maji kutoka hewani. Ndiyo maana wanasema badili kila miaka miwili. Nani hapa amewahi kubadili? Tuseme ukweli.

#20 MzeeWaKitulo
Mimi. Mara moja. 2009.

#21 MzeeWaKitulo
Na mimi nasema mmesahau baridi. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba umande unaganda juu ya boneti, unakwangua kwa ganda la kiberiti. Muulizeni giaboksi ina oili gani. Mafundi wengi wa mjini wanaweka ile nzito ya 140 wakisikia "mlima" na "mzigo". Asubuhi inakuwa kama asali. Kila gia inakuwa ngumu mpaka uende kilomita tano. Mimi niliweka 75W-90, kesi ikaisha.

#22 Kapito
Mzee hapo kwenye gia ya kwanza kuwa ngumu nakubali. Lakini rivasi kusaga? Oili nzito ingeisimamisha shafti upesi, kelele ingepungua. Haiwezi ikawa ndiyo chanzo cha krrrr.

#23 MzeeWaKitulo
Kijana, mimi nimeendesha kona hamsini na saba za Chimala kupanda Matamba kabla hujazaliwa.

#24 Kapito
Sikatai mzee wangu. Ila kona hamsini na saba hazijibu swali.

#25 LoriLaTunduma
Afadhali za Matamba, unapanda peke yako. Kitonga unapanda nyuma ya semi inayotembea kama harusi, mguu kwenye klachi nusu saa. Kule ndiko klachi zinakokufa. Madereva wengi wa pikapu wanaishika gari mlimani kwa klachi badala ya hendibreki. Unasikia tu harufu ya kandambili imeungua, ujue kuna mtu anamaliza pleti.

#26 SautiYaBeringi
Naomba kuuliza nje kidogo ya mada. Yangu ni Hiace yenye 3L hiyo hiyo. Ikiwa fri nasikia sauti kama kriketi, nikikanyaga klachi inapotea. Fundi ananiambia rilizi beringi.

#27 BabuSpana
Fundi amegeuza. Sauti inayokuja *ukikanyaga* ndiyo rilizi beringi, maana hapo ndipo inapobeba kazi. Sauti inayopotea ukikanyaga ni beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi, kwa sababu ukikanyaga shafti inasimama. Usikubali kuuziwa rilizi. Na angalia oili ya giaboksi kama ina vumbi la chuma.

#28 SautiYaBeringi
Ahsante mzee. Umeniokolea laki na ushee.

#29 DadaSpea
Turudi kwa mleta uzi. Nina swali ambalo wanaume hamjauliza. Unabeba gunia ngapi?

#30 KiaziMviringo
Kumi na nne.

#31 DadaSpea
Za kawaida au lumbesa?

#32 KiaziMviringo
...

#33 LoriLaTunduma
Kimya cha lumbesa hicho.

#34 DadaSpea
Lumbesa moja ya viazi tuseme kilo 130. Mara 14 ni kilo 1,820. Kwenye pikapu ya tani moja. Halafu tunatafuta mchawi kwenye pailoti.

#35 Mwana_Uyole
Dada mzigo unaua pleti, hauui masta. Yeye pleti yake nzima, ameshapima na gia ya nne.

#36 DadaSpea
Mzigo unamfanya akanyage klachi mara mia zaidi kwa siku. Raba inachoka, bati linachoka, pini ya pedeli inalika. Hata uma mle ndani unaweza ukapinda au ukalika pale unapokaa juu ya kichwa chake. Yote ni mguu.

#37 MamaMbao_Mafinga
Na pini ya pedeli nilikuwa nimeisahau! Ile inayounganisha pedeli na fimbo ya masta. Tundu lake linapanuka likawa yai. Shika pedeli kwa mkono, tikisa kabla haijaanza kusukuma. Ikicheza sana, unapoteza sentimita nzima ya kukanyaga bure.

#38 KiaziMviringo
Wakuu, mrejesho. Leo Jumapili sikwenda shamba. Nimemchukua mdogo wangu akae kwenye kiti, mimi nikawa chini na juu kama fundi.

Kwanza jaribio la Babu. Asubuhi saa kumi na mbili, kanyaga mara moja, hesabu kumi: imesaga, ila kidogo kuliko kawaida. Nikazima, nikaiacha ipoe, kwa sababu ya uvivu sikusubiri siku ya pili. Kanyaga mara tatu, ingiza papo hapo: kimya.

Pili, nimelala chini, nikaweka rula kwenye fimbo ya masta ya chini. Kanyago la kwanza fimbo imetembea milimita 9. La pili 11. La tatu 13. Mdogo wangu akashikilia bila kuachia, nikaiona kwa macho inarudi, taratibu, kama konokono. Dakika moja ikawa imefika 10.

Tatu, boneti. Mama Mbao, nimekukumbuka. Masta inasogea. Si sana, lakini inasogea, na rangi imepasuka pembeni ya bolti ya chini, kuna mstari mwembamba wa kutu kama ufa kwenye sahani ya udongo.

Nne, nimefungua mfuniko wa vumbi wa masta ya chini. Imemwaga kijiko cha oili nyeusi.

#39 LoriLaTunduma
Masta ya juu. Nilisema saa ngapi?

#40 MamaMbao_Mafinga
Ukuta. Nilisema nini?

#41 BabuSpana
Masta ya chini ndiyo inayomwaga, hamkusoma namba nne.

#42 Kapito
Imesaga baada ya kuhesabu kumi. Kitu kinaizungusha shafti. Mnaruka hilo.

#43 BabuSpana
Kapito, fimbo ilitembea milimita 9 tu, pleti haijaachia sawasawa, lazima ishike. Pailoti yako itajulikana baada ya masta kupona.

#44 KiaziMviringo
Mrejesho wa pili, wiki moja baadaye. Nimechomelea ukuta kwa bati, aliyechoma kaweka zulia lenye maji ndani ili nyaya zisiungue, bado gari inanuka kama kuku wa Kabwe. Nimefunga masta zote mbili na mpira mpya, nimeosha bomba.

Kutoa upepo kulitutesa. Tulikanyaga na kufungua nipeli, ile skrubu ya kutolea upepo kwenye masta ya chini, saa nzima, pedeli ikabaki laini. Jirani yangu anayetibu ng'ombe akaleta bomba la sindano jipya, tukaunga na mrija, tukasukuma oili kutoka chini kwenda juu. Dakika tano upepo wote umetokea kwenye kopo, bluu bluu bluu, pedeli ikawa ngumu.

Sasa fimbo inatembea milimita 14 na harudi mtu. Foleni ya Mafiati nasimama kama bwana harusi.

Ila jana nililala Ilungu na gari, asubuhi baridi kali. Rivasi: kr. Moja. Fupi.

#45 Kapito
😌

#46 MzeeWaKitulo
Oili 140.

#47 DadaSpea
Gunia ngapi?

#48 KiaziMviringo
Kumi na mbili, na si lumbesa dada, naapa.

#49 LoriLaTunduma
Kr moja kila gari ya mwaka 94 inayo. Mimi hata ya binadamu ninayo nikiamka.

#50 BabuSpana
Pleti inaweza kuwa inashika kwenye meno ya shafti. Gari ikilala kwenye ukungu, kutu nyembamba inakuja pale. Wengine walipofunga hawakupaka hata grisi kidogo. Lakini kwa hilo usishushe giaboksi. Ukishusha siku nyingine kwa sababu nyingine, badili na pailoti, tumnyamazishe Kapito.

#51 Kapito
Sinyamazi mpaka niione mkononi.

#52 Mwana_Uyole
Nimejifunza mengi. Mleta uzi, gari unauza?

#53 KiaziMviringo
Siuzi. Ila wakuu, leo nilitaka kutoa upepo tena kidogo kwa usalama, nikakaza nipeli ya masta ya chini, imekatika. Nusu ipo ndani. Nani ana nipeli?

#54 BabuSpana
Nani alikutuma ukaze?

#55 DadaSpea
Ninayo moja ya mtumba. Njoo nayo hiyo nusu nyingine tulinganishe.